Dakika Ishirini za Nje: Juu ya Kumzoeza Mwanafunzi wa Mjini Maumbile

Katika skuli nyingi za mjini Unguja imekuwa ni ada kwamba mara moja kwa mwaka, aghlabu karibu na kufunga muhula, wanafunzi hukusanyiwa fedha, gari hukodiwa, na msafara hufunga safari kwenda Jozani kumtazama kima punju. Watoto huimba njia nzima, hula chakula chao chini ya miti, huwaona kima wakirukaruka matawini, na hurejea mjini jua likiwa linakuchwa. Siku ya pili yake mwalimu huwaandikisha insha juu ya ziara hiyo. Insha ikisha kusahihishwa, maumbile hufungwa pamoja na daftari, na hayafunguliwi tena mpaka mwaka mwingine.

Hatukusudii kuitia ila ziara ya Jozani. Msitu ule, ambao tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, ni hazina ya kisiwa hiki, na kima punju ni mnyama ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Mtoto wa Unguja asiyepata kumwona amepunjwa haki yake. Tunalolikataa ni dhana iliyojificha nyuma ya ada hiyo, kwamba maumbile ni mahali, tena mahali pa mbali, panapohitaji gari, nauli na ruhusa. Na kwamba mwalimu akisha kuwapeleka watoto huko mara moja huwa ametimiza wajibu wake. Rai yetu katika makala hii ni kwamba mwanafunzi anahitaji kuwa nje kila siku ya skuli, walau kwa dakika ishirini, mahali pale pale, palipo hatua chache kutoka mlangoni mwa darasa lake. Ikibidi kuchagua baina ya mambo hayo mawili, basi tungeiacha ziara tukazishika dakika ishirini.

Sababu yetu ya kwanza ni ya kiualimu. Mambo makubwa ya maumbile ni mageuko: kuchipua, kukua, kupukutika, kuhama, kujaa na kupwa. Mageuko hayaonekani kwa kutazama mara moja. Uchukue mkungu, mti ambao hakuna mtu wa pwani asiyeujua. Mtoto anayeoneshwa mkungu siku moja ataona mti wenye majani mapana na matawi yaliyotanda kama sahani, na basi. Bali mtoto anayepita chini ya mkungu ule ule kila asubuhi, na kuulizwa kila asubuhi kuna nini leo ambacho jana hakikuwapo, ataona majani yakianza kugeuka mekundu mamoja mamoja hali mengine bado ni ya kijani. Ataona yakipukutika na mti ukabaki karibu mtupu. Kisha ataona machipukizi, maua madogo asiyoweza kuyatambua kuwa ni maua mpaka ayasogelee, na mwisho kungu zenyewe, ambazo popo watakuwa wamezila usiku na kuacha kokwa chini. Kisha atashangaa kuona kwamba mti huo hurudia kazi hiyo, pengine zaidi ya mara moja kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo atakapouliza mwenyewe kwa nini, na swali analouliza mtoto mwenyewe lina thamani kuliko kumi anayoulizwa na mwalimu.

Mwalimu wa mjini atatujibu: nyinyi mnazungumza habari za miti, na sisi tuko Darajani. Pana mikokoteni, pana pikipiki, pana maduka ya nguo na wachuuzi. Maumbile yenu yako wapi hapo?

Jawabu lake limo katika jina. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja, na daraja halijengwi pasipokuwa na maji. Mji Mkongwe wote ulikuwa karibu kuwa kisiwa: upande wa mashariki uliingia hori la bahari, likajaa maji yalipojaa na kubaki tope yalipokupwa, na waliokaa upande wa pili wa hori hilo wakawa wanakaa Ng'ambo. Katika karne ya 20 hori lilijazwa kifusi kidogo kidogo mpaka likawa nchi kavu, na barabara iliyo pembezoni mwake, ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa, kwa muda mrefu iliitwa Creek Road, yaani barabara ya hori. Maelfu ya watoto huvuka barabara hiyo kwenda skuli na kurudi. Wengi wao wanakaa Ng'ambo, na hawajapata kuulizwa: ng'ambo ya nini?

Hili peke yake ni somo la wiki nzima, na halihitaji zana hata moja. Mji wetu umepewa majina na watu waliokuwa wakitazama miti na udongo. Mkunazini, Kikwajuni, Miembeni, Michenzani, Mikunguni, Migombani, Mbuyuni, Mwembeladu, Mnazi Mmoja: hii ni orodha ya mimea. Funguni ni penye fungu la mchanga, Vikokotoni ni penye vikokoto, Mchangani hapahitaji kufasiriwa. Mtoto apewe jina la mtaa wake akatafute kama mti uliouita mtaa huo bado upo, na kama haupo, amwulize mkongwe wa nyumbani kwao uliondoka lini. Michenzani, kwa mfano, leo inajulikana kwa majumba yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Mtoto aliyezaliwa humo huenda asiwe na habari kwamba mchenza ni mti.

Na soko lenyewe je? Soko la Darajani, ambalo jengo lake kongwe lilimalizika mwaka 1904, ni kalenda ya maumbile kwa mwenye macho. Maembe hayaji kwa amri ya mfanyabiashara; huja mvua za vuli zinapokwisha na upepo wa kaskazi unapoingia. Machungwa hujaa wakati wa kipupwe. Dagaa huwa wengi katika usiku wa giza, kwa kuwa wavuvi huwavuta kwa taa, na mbalamwezi inapowaka taa zao hazina nguvu; kwa hiyo mama anayenunua dagaa ananunua kwa kufuata mwezi wa mbinguni, ajue asijue. Mwanafunzi anayetumwa sokoni na mama yake kila Jumamosi yumo tayari katika mtaala huu. Kilichobaki ni mwalimu kumwuliza Jumatatu: umeona nini kipya, na kipi kimeadimika?

Hata kunguru wa Darajani, wanaowaudhi wauzaji samaki na kuiba vitumbua mikononi mwa watoto, ni somo, tena somo zito. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivujivu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha takataka za mji. Alizaana kupita kiasi, akala mayai na makinda ya ndege wadogo, na jitihada za kumpunguza hazijapata kummaliza. Mwanafunzi wa darasa la sita anayewahesabu kunguru na shorewanda katika uwanja wa skuli kwa dakika kumi, mara moja kwa wiki, mwaka mzima, atakuwa na jambo la kusema juu ya mizani ya viumbe ambalo hakulipata kitabuni.

Tukitoka Darajani kwa miguu, haituchukui muda mrefu kufika baharini, iwe kwa upande wa Malindi au wa Shangani. Hapa tungependa kukaa kidogo, kwani bahari ndiyo darasa kubwa la kisiwa hiki, na kwa bahati njema ratiba yake inakubaliana na ratiba ya skuli kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana, hufuata mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili baada yake. Katika siku hizo, hapa Unguja, maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne na nusu au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi na zaidi jioni. Tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, mambo hupinduka: asubuhi hiyo hiyo maji yamejaa, lakini si sana, na jioni yamekupwa, lakini si sana.

Maana yake ni kwamba mwalimu wa mkondo wa asubuhi akiwapeleka watoto ufukoni mara mbili tu kwa mwezi, mara moja siku ya bamvua na mara moja siku ya maji mafu, kwa saa ile ile, atawaonesha pwani mbili mbalimbali mahali pamoja. Hatakuwa na haja ya kueleza mengi. Watoto wetu wengi husoma chuoni na hujua tarehe ya mwezi mwandamo. Waulizwe tarehe 15 maji yatakuwaje asubuhi, waandike ubashiri wao, kisha waende wakaone. Waulizwe pia kwa nini maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku, na kwa nini wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani hupanga kazi yao kwa bamvua wala si kwa siku za Jumatatu na Jumanne. Na katika miezi ya Septemba hadi Aprili wawatazame vitwitwi na sululu wanaookota chakula kwenye matope, ndege ambao wengi wao huzaliana katika nchi za kaskazini ya mbali na kuja kwetu kukimbia baridi. Ikifika Mei, wengi watakuwa wameshaondoka. Mtoto aliyewaona wakiwapo ndiye atakayegundua kuwa hawapo.

Kwa skuli ambazo mwalimu haoni njia ya kuvuka barabara na kundi la watoto, liko jambo jepesi zaidi, nalo ni kijiti. Chomeka kijiti kilichonyooka katika uwanja wa skuli, ukiweke alama kivuli chake kila siku jua linapokuwa juu kabisa. Unguja iko nyuzi sita na kidogo kusini ya ikweta, na kwa hivyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika siku za tisa au kumi za Oktoba. Katika siku hizo kivuli cha adhuhuri karibu kitoweke. Tangu hapo Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini yetu na kivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki huwa kinyume chake. Wanachuo wengi tunaowapokea hawajapata kuliona hili, nao wameishi chini ya jua hilo miaka ishirini. Wanajua kwamba dunia hulizunguka jua, kwa kuwa iliandikwa ubaoni, lakini hawajui jua linatokea upande gani wa mnara wa msikiti wao mwezi wa Juni. Ilhali nyakati za sala zao zimepimwa kwa kivuli hicho hicho: adhuhuri ni kivuli kinapoanza kurefuka baada ya jua kupinduka, na alasiri hupimwa kwa urefu wa kivuli cha kitu ukilinganishwa na kitu chenyewe. Wazee wetu walijua saa kwa kutazama ardhi. Mjukuu wao anajua saa kwa kutazama simu, na hatuna ugomvi na simu, lakini angalau ajue simu hiyo imeipata wapi saa.

Wazee hao walikwenda mbali zaidi. Wakulima na mabaharia wa pwani hii waliigawa siku za mwaka wa jua kwa miongo, yaani makumi, kuanzia siku ya mwaka mpya, ile ambayo Makunduchi huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Na kwa miongo hiyo wakajua lini kupanda na lini kusafiri. Walizitazama nyota za kilimia zinapozama na zinapozuka. Ujuzi huo haukupatikana kwa ziara. Ulipatikana kwa watu waliokuwa nje kila siku kwa sababu ya kazi zao, na watoto waliokuwa nje pamoja nao. Sasa kazi nyingi za mjini ni za ndani, na mtoto amefuata. Asubuhi yuko darasani, alasiri yuko chuoni, magharibi yuko katika masomo ya ziada, na usiku yuko mbele ya kioo cha televisheni au cha simu. Hatusemi hata moja katika hayo ni baya. Tunasema tu kwamba ukiyajumlisha, hakikubaki kitu. Na kama skuli haikumpa mtoto huyo dakika ishirini za nje, hakuna mwingine atakayempa.

Wakufunzi wenzetu wapendao nadharia watakumbuka kwamba jambo hili si geni katika taaluma yetu. Comenius, mwalimu wa Moravia, alitoa mwaka 1658 kitabu cha watoto chenye picha, kwa sababu alishikilia kwamba kitu kitangulie neno, na pale kitu chenyewe kisipoweza kuletwa darasani, picha yake iletwe. Zingatia sharti lake: kisipoweza kuletwa. Siku hizi picha huchorwa kwenye karatasi ya manila na kupakwa rangi kwa usiku mzima, ionyeshe sehemu za ua, na kutundikwa ukutani kando ya dirisha ambalo nje yake mna mbangi-mwitu, mwinikanguu na mipapai yenye maua yasiyo na idadi. Mwanachuo hupata alama nzuri kwa manila hiyo. Froebel naye, alipofungua skuli yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, alimpa kila mtoto kipande chake cha bustani, na akaita mahali hapo bustani ya watoto. Jina hilo limeenea duniani kote. Bustani, katika sehemu nyingi, ilibaki nyuma.

Ushahidi wa siku hizi pia upo. Katika mji wa Guangzhou nchini Uchina, watafiti walizichukua skuli 12 za msingi, na katika nusu yake watoto wa darasa la kwanza wakaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya skuli. Baada ya miaka mitatu, katika skuli zilizoendelea kama kawaida, watoto wapatao 40 katika kila 100 walikuwa wamepata maradhi ya kutoona mbali. Katika zile zilizoongezewa muda, walikuwa 30. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Ni haki tuseme kwamba waliopima hawakuwa wakipima miti wala ndege. Walipima kuwa nje tu, na mwanga wa mchana ndio unaodhaniwa kuwa dawa. Lakini kwa mwalimu mwenye kushuku kwamba dakika za nje ni dakika zilizopotea, hiyo ni hesabu ya kutosha kuanzia. Faida ya jicho ameipata bure, kabla hatujazungumza faida ya akili.

Sasa tuje kwenye vizuizi, kwani vipo, na baadhi yake vimo ndani ya desturi zetu.

Cha kwanza, na kwa maoni yetu kikubwa kuliko vyote, ni kwamba katika skuli nyingi nje ni adhabu. Mtoto aliyechelewa hupelekwa kung'oa majani. Aliyepiga kelele hufagia uwanja. Aliyesahau daftari humwagilia miti. Kisha mwalimu huyo huyo huingia darasani kufundisha umuhimu wa kutunza mazingira, na kustaajabu kwa nini watoto hawaelekei. Mtoto ameshafundishwa, na amefahamu vizuri sana: jembe na ndoo ni vya wakosaji. Tungependa kuona kila skuli ikiondoa kazi za mimea katika orodha ya adhabu zake, na kuzifanya kuwa heshima wanayopewa watoto kwa zamu. Haigharimu hata senti moja.

Cha pili ni ufagio. Sisi watu wa visiwani tunapenda uwanja mweupe, uliofagiwa mpaka mistari ya chelewa ionekane. Ni tabia njema majumbani. Lakini mti hupukutisha, na mwenye kupenda uwanja mweupe mwisho huuchukia mti. Tunaijua skuli moja, haina haja kuitaja, ambayo mwarobaini wake ulikatwa kwa sababu majani yake yaliwachosha wafagiaji. Na sasa watoto hupanga mstari juani, na kamati imeomba fedha za kuezeka kibanda cha kivuli. Yatosha kuacha pembe moja ya uwanja, hatua kumi kwa hatua kumi, bila kufagiwa, pakaitwa pembe ya darasa la nne. Ndani ya mwaka mmoja patakuwa na viumbe vya kutosha kufundishia.

Kuhusu muda, tunaambiwa ratiba imejaa. Tunauliza: mstari wa asubuhi unachukua muda gani? Katika skuli nyingi watoto husimama nje kwa robo saa au zaidi, wakitazama visogo vya wenzao, wakisikiliza matangazo ambayo yangeweza kubandikwa ukutani. Wako nje tayari! Mstari ukifupishwa, nusu ya dakika zetu imeshapatikana. Nusu ya pili itolewe katika mapumziko yasiyo na mpango au katika kipindi cha sayansi, ambacho hakitadhurika.

Wazazi wengine watalalamika kwamba wamemleta mtoto asome, si azurure. Huyu ni mtu wa kuheshimiwa na kujibiwa kwa vitendo: mtoto arudi nyumbani amwambie, Baba, kesho kutwa maji yatakupwa saa tano. Ikiwa kweli, malalamiko yamekwisha. Ama wingi wa wanafunzi katika darasa moja, na hatari ya magari, hayo ni mazito zaidi na hatuyapuuzi. Ndiyo maana tunashikilia kwamba dakika za kila siku ziwe ndani ya ua wa skuli, na ufuko uwe mara mbili kwa mwezi, pamoja na mwalimu wa pili na mzazi mmoja au wawili.

Lipo pia jambo jipya. Katika miaka ya hivi karibuni zimejengwa skuli nyingi za ghorofa, na tunazishukuru, kwani zimepunguza msongamano na kuziwezesha baadhi ya skuli kuachana na mikondo miwili. Lakini mtoto wa ghorofa ya tatu yuko mbali na udongo kuliko babaye alivyokuwa katika banda la bati. Kwake yeye kushuka ngazi kwa ajili ya mti kutahitaji mpango, na pengine dakika ishirini zitakuwa kumi na tano. Basi atumie kilicho karibu naye: kutoka baraza za juu mbingu inaonekana vizuri kuliko chini. Awatazame mawingu ya vuli yanatokea upande gani, na ya masika upande gani. Aandike siku ambayo upepo umegeuka kutoka kaskazi kwenda kusi. Ndoo zilizotoboka zijazwe udongo zipangwe ukutani, kila darasa na zake.

Neno moja kwa mwalimu mwenyewe. Wengi huogopa kutoka nje kwa kuwa hawajui majina. Mtoto atauliza, huyu ni ndege gani, na mwalimu atafedheheka. Hakuna fedheha. Kwanza, mlinzi wa skuli, muuza madafu wa mlangoni na bibi wa mwanafunzi yeyote wanajua majina mengi kuliko kitabu, na mtoto atumwe kwao akayalete. Pili, jina lije baada ya kutazama. Mtoto aliyekwisha kuambiwa kwamba yule ni chozi hukoma kumtazama. Asiyeambiwa humtazama mdomo wake uliopinda, huona anavyouingiza katika ua, na jina likija siku ya tatu hulipokea kama mtu aliyelitafuta. Wala dakika hizi zisigeuzwe mtihani. Pasiwe na kuandika ila kwa siku moja ya wiki, mistari miwili au mitatu, juu ya jambo moja lililobadilika. Mwalimu asimame pembeni, anyamaze zaidi kuliko anavyozoea. Hili ni gumu. Tunawaona wanachuo wetu wakiteseka nalo.

Na hapo ndipo vyuo vya ualimu vinapohusika. Mwalimu hufundisha lile analopimwa nalo. Karatasi ya tathmini ya mazoezi ya kufundisha ina nafasi ya andalio la somo, nafasi ya matumizi ya ubao, nafasi ya zana na nafasi ya nidhamu ya darasa. Haina nafasi ya kumwuliza mwanachuo kama katika wiki zake zote za mazoezi aliwahi kuwatoa watoto nje, wapi, mara ngapi, na waliona nini. Tunapendekeza iongezwe, tena isiwe ya kutimiza ada. Mkufunzi anapokwenda kumkagua mwanachuo aombe kuoneshwa mti wa darasa, na awaulize watoto, si mwanachuo, mti huo ulikuwaje wiki iliyopita.

Chuo nacho kiwatoe wanachuo wake. Muhula ujao tutaanza na kundi la mwaka wa kwanza: kila mmoja atachagua mti mmoja baina ya bwenini na darasani, na ataupitia kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, jua au mvua, akiwa na daftari dogo la mfukoni. Kijiti cha kivuli kitachomekwa mbele ya maktaba kabla ya Oktoba, ili siku ya jua la utosini isitupite. Walimu walio na skuli karibu na Darajani, ambao wangependa kujaribu safari za bamvua na maji mafu kwa saa ile ile, watuandikie kupitia jarida hili, nasi tutawapelekea jedwali la maji la muhula mzima, lenye tarehe za mwezi mwandamo upande wa kulia, pamoja na wanachuo wawili wa kusaidia kuvusha watoto barabara.